Tumepaka rangi mara mbili na sebule ya wazazi bado ni ya 1987. Elfu 80 ianzie wapi?

#1 BintiWaLanet
Habari za jioni, wadau. Nyumba ni ya wazazi wangu, Lanet hapa Nakuru. Baba aliimaliza 1987. Sisi watoto wanne tumechanga elfu themanini ili sebule ipate sura mpya kabla ya Desemba, maana wakwe watarajiwa wa kitinda mimba wetu watakuja kutuona.

Mwaka juzi tulipaka krimu. Mwaka jana tukapaka nyeupe kabisa. Bado ukivuka mlango unahisi umeingia 1987. Na ukuta wa upande wa barabara umeanza kubanduka tena kutoka chini hadi kimo cha goti. Maganda yanatoka mapana kama chapati, na nyuma yake kuna unga mweupe.

Chumba ni mita nne kwa tano. Dari ni mbao za saiprasi kutoka Elburgon, zimepigwa vanishi miaka yote hiyo hadi zimekuwa rangi ya strungi. Sakafu ni ile nyekundu ya oksaidi, mama huipiga polishi kila Jumamosi. Sehemu kubwa ya ukuta mmoja imemezwa na wol yuniti (kabati la ukutani) ya mahogani yenye shimo la televisheni ya mgongo. Televisheni bapa ya sasa imekaa humo ndani kama mtoto aliyevaa koti la babake. Makochi ni ya watu saba. Mapazia ni mazito, rangi ya damu ya mzee, na juu yake kuna sanduku la pelmeti. Dirisha kubwa ni moja tu, la vyuma, linaangalia baraza. Picha za familia ziko juu karibu na dari, zimeinamia mbele. Na kila kochi lina kitambaa cha kroshe alichosuka mama kwa mkono wake.

Baba anasema tupake rangi tena. Mimi nasema shida si rangi. Nisaidieni.

#2 FundiRangi_Shabab
Shida ni rangi, dada, ila si ya juzi. Ni ile ya kwanza kabisa. Nyumba nyingi za miaka ya themanini nilizofanyia kazi zilipakwa rangi ya mafuta sebuleni na kwenye koridoo ili ukuta upanguswe kwa kitambaa chenye maji. Ukimwaga rangi ya maji juu ya mafuta bila msasa na bila undakoti, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, haishiki. Inakaa juu kama utando wa maziwa, siku ikichoka inatoka yote.

Jipimie mwenyewe. Kwangua hadi ufike safu ya chini, chovya pamba kwenye spiriti, sugua. Rangi ikija na pamba, hiyo ni ya maji. Ikikataa, ni ya mafuta.

Halafu niambie, fundi wako alinunua lita ngapi?

#3 BintiWaLanet
Ndoo mbili za lita ishirini, @FundiRangi_Shabab. Kila mwaka.

#4 FundiRangi_Shabab
Haya tuhesabu. Mzunguko wa chumba mita 18, kimo tuseme mita 2.7, hiyo ni kama mita 48 za mraba. Toa mlango na dirisha, zibaki 40. Lita moja inapaka karibu mita kumi za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Mikono miwili ni lita nane. Nane! Lita arobaini kwa sebule moja sijawahi kuona tangu nishike brashi.

#5 Mwalimu_Njoro
Tusimhukumu fundi ambaye hayupo. Ukuta uliokwanguliwa hunywa zaidi, na pengine alipaka koridoo pia. Lakini hata ukimpa lita kumi na mbili, bado ndoo ya pili haielezeki. Na kumbuka wol yuniti inaziba sehemu kubwa ya ukuta mmoja. Ni nani aliyeisogeza wakapaka nyuma yake?

#6 BintiWaLanet
Hakuna aliyeisogeza. Haijasogezwa tangu nizaliwe.

#7 Mjengo_Ngata
Naona wote mnakimbilia rangi na swali lenyewe limejibiwa kwenye aya ya pili: kimo cha goti, unga mweupe. Huo unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi kupitia mawe na plasta, yanafika kimo fulani, yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma rangi nje. Nyumba inatakiwa iwe na karatasi ya lami au plastiki iliyolazwa juu ya msingi kabla ya ukuta kuanza, ndiyo mafundi tunaita DPC. Nyumba za zamani, au haikuwekwa, au iliwekwa ikachanika.

Jambo la pili: toka nje uangalie ukuta huo. Kuna maua? Mama zetu wanapenda kurundika udongo ukutani ili maua yainuke. Udongo ukishapita ile DPC, umejenga daraja la maji. Unatakiwa uwe chini yake kwa sentimita kumi na tano hivi.

Na usikubali mtu akupigie plasta ya saruji juu ya chumvi. Ikwangue kwa brashi kavu, si kwa maji, kwa sababu maji yanairudisha ndani.

#8 BintiWaLanet
Maua yapo. Mama ana majirani zake hapo nje: waridi, aloe na yale ya zambarau yanayotambaa. Udongo umeinuka karibu kufika dirishani upande mmoja.

#9 Mjengo_Ngata
Basi kesi imekwisha.

#10 Nyota_ya_Mwariki
Haijaisha, @Mjengo_Ngata. Mimi niko Mwariki na sina ua hata moja. Tangu Ziwa Nakuru lianze kupanda miaka ya 2010, kuta zetu hazijakauka vizuri. Majirani zetu na watu wa Barut wamehama nyumba zikiwa zimesimama ndani ya maji. Maji ya chini ya ardhi yamebadilika Nakuru hii, na wenye nyumba za zamani ndio wanaonja kwanza.

#11 Mwalimu_Njoro
Pole sana kwa hayo ya Mwariki, nilipita huko nikaona paa za nyumba zikiwa katikati ya maji. Lakini Lanet ni juu. Uwanja wa ndege wa Lanet uko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko mita 1,750 na kitu. Maji ya ziwa hayawezi kupanda mita mia moja na zaidi kwenda kubandua rangi ya mtu.

#12 Nyota_ya_Mwariki
Sikusema maji ya ziwa yenyewe. Nimesema maji ya ardhini. Mvua iliyojaza ziwa ndiyo hiyo hiyo iliyonyesha Lanet, mwalimu.

#13 JaKisumo
Omera, mnapiga kelele za goti na dada ameuliza mbona chumba kinaonekana cha zamani. Hata ukuta ukikauka leo, chumba kitabaki cha 1987, kwa sababu ni cha GIZA. Hesabu na mimi: dari ya strungi, sakafu nyekundu, mahogani karibu ukuta mzima, pazia la damu ya mzee, pelmeti inayoziba sehemu ya juu ya dirisha ambako ndiko mwanga mwingi unaingilia, na nje kuna baraza lenye paa. Nyeupe mliyopaka haina mwanga wa kurudisha. Nyeupe bila mwanga ni kijivu.

Ondoa pelmeti, toa hayo mapazia, weka shia, pazia jepesi linalopitisha mwanga, na fimbo ndefu inayopita upana wa dirisha pande zote, pazia likifunguliwa likae ukutani na si kwenye kioo. Halafu paa la baraza: badilisha mabati mawili, weka yale ya plastiki yanayopitisha mwanga. Kwa mama mkwe kule Ahero mabati mawili na fundi hayakufika elfu tano, na mzee akaanza kusoma gazeti sebuleni mchana bila taa.

#14 Auma_Migosi
Naunga mkono #13, na naongeza wavu wa mbu. Nilikaa nyumba ya kupanga hapa Kisumu miaka mitatu nikilalamika giza. Siku moja nikafungua fremu za wavu, nikazilaza uani, nikazipiga brashi na sabuni. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama ya kuosha sufuria ya kuni. Niliporudisha, mtoto wangu aliuliza kama tumeweka taa mpya. Dada, kabla hujatumia hata shilingi, osha wavu, osha vioo, ndani na nje, na uchokoe vumbi kwenye pembe za vyuma kwa kijiti. Nakuru mna vumbi la Januari ambalo sisi hatulijui.

#15 Wafula_Kanduyi
Mulembe. Na balbu? Hakuna aliyeuliza balbu.

#16 BintiWaLanet
Balbu ni moja, katikati ya dari, ile nyeupe ya kuokoa stima.

#17 JaKisumo
Hapo! Balbu moja katikati inaangaza vichwa vya watu na kuacha pembe zote gizani. Na dari yenu ya kahawia inanyonya kila kitu. Weka taa tatu ndogo chini: moja pembeni ya kochi, moja kwenye wol yuniti, moja pembeni mwa mlango. Angalia namba kwenye boksi ya balbu. 2700 au 3000 Kelvin ni mwanga wa manjano, wa jioni. 6500 ni ule mweupe wa dukani na hospitalini. Chukua ya manjano. Huku kwetu ina faida ya pili: wadudu wa ziwani hawaikimbilii kama ile nyeupe.

#18 Wafula_Kanduyi
Mimi nilifanya hivyo hivyo na nikajuta. Nyumba yetu pia ina mbao. Mwanga wa manjano juu ya mbao za kahawia na sakafu nyekundu unafanya kila kitu kiwe kahawia zaidi. Tulikuwa kama tumekaa ndani ya mtungi wa asali. Nilirudi 4000, ya katikati. Mwanga wa manjano ni wa nyumba zenye kuta na dari nyeupe.

#19 JaKisumo
Bungoma hamna wadudu wa ziwani, ndiyo maana mnaweza kuchagua chagua.

#20 Mwalimu_Njoro
Na Nakuru hatuna pia, kwa hiyo faida yako ya pili haitufikii. 😀

#21 JaKisumo
Nakuru mmekuwa jiji 2021 na tayari mna maneno. Sisi tumekuwa jiji tangu 2001, tunaongea kwa uzoefu.

#22 Seremala_Bondeni
Turudi kwa dada. Nimesoma yote na hakuna aliyegusa mzizi. Shida ni wol yuniti. Chumba cha mita nne ukiweka kabati la sentimita hamsini kutoka sakafu hadi dari, umekula nusu mita ya chumba na ukuta wote. Zile kabati zilitengenezwa kubeba televisheni nzito na sahani za wageni. Kazi yake ya kwanza imekwisha.

Lakini TAFADHALI usiiuze wala usiipasue kuni. Hiyo ni mahogani ya mbao nzima, si vumbi la mbao lililobanwa kwa gundi. Tangu marufuku ya kukata miti ya 2018, mbao za maana zimepanda bei hadi wateja wanaguna wakisikia. Mwite seremala aiangalie. Mara nyingi imetengenezwa vipande viwili: kabati la chini na rafu za juu, zimeunganishwa kwa skrubu upande wa nyuma. Toa ya juu. Ya chini ipige randa usoni, msasa, vanishi isiyong'aa sana, televisheni ikae juu yake. Ile ya juu ikatwe iwe rafu ya vitabu koridooni. Mimi mwezi jana nilifanya kama hiyo Section 58 kwa elfu kumi na mbili, vifaa ndani.

#23 BintiWaLanet
@Seremala_Bondeni, nimechungulia pembeni kwa tochi ya simu. Ni kweli, ni vipande viwili! Kuna mstari. Miaka yote hii nilidhani ni kitu kimoja.

#24 Mama_Lurambi
Jamani, mwanamke mwenzangu yuko ndani ya hiyo nyumba na mnaigawanya kama ya marehemu. Binti, mama amesema nini?

Mimi niko Kakamega, nimekarabati yangu mwaka huu. Nitakwambia tulipoanzia: makochi. Mtu akiingia sebuleni haangalii dari, anaangalia mahali pa kukaa, na akikaa akazama hadi magoti yakamfika kifuani, nyumba ni ya zamani hata ukute ni vigae vya Italia. Fundi alipofungua kochi langu chini, tulikuta mikanda ya raba ya tairi imekatika yote isipokuwa miwili, sponji imekuwa makombo, na kijiko cha chai kilichopotea mtoto wangu mkubwa akiwa darasa la pili. Fremu yenyewe ilikuwa mvule, nzima, haina mdudu. Tulibadilisha mikanda, tukaweka sponji ya hai densiti, ile iliyoshikana, kitambaa cha kijivu cha bluu. Viti saba, elfu thelathini na nane na usafiri. Makochi mapya ya bei hiyo ningepata ya watu watatu, na fremu ya mbao mbichi.

#25 Chizi_wa_Mapambo
Na vile vitambaa vya kroshe vitolewe, samahani. Hivyo ndivyo vinapiga mhuri wa 1987. Ukivitoa leo jioni, bure kabisa, umeokoa miaka ishirini.

#26 BintiWaLanet
@Mama_Lurambi umenigusa. Nimemsomea mama uzi mzima usiku huu, kuanzia #1. Alisikiliza akiwa kimya hadi #25. Halafu akaenda akatoa kimoja kutoka kwenye kochi la baba akanionyesha. Maua yake yote yana petali sita, isipokuwa moja pembeni lina tano. Akasema, "Hili nilikuwa nalisuka wodini nikikusubiri. Ulifika kabla sijamaliza." Mimi nina miaka thelathini na nne na nimekalia kitambaa hicho maisha yangu yote bila kujua.

Kwa hiyo vitambaa haviendi popote, @Chizi_wa_Mapambo. Sina hasira, nakueleza tu.

#27 Chizi_wa_Mapambo
Naomba radhi kwa mama. Sikujua.

#28 Auma_Migosi
Kuna njia. Dada yangu alichukua vile vya shosho akavitandaza kwenye fremu za picha, kitambaa cha bluu iliyokoza nyuma yake, kioo mbele. Vitatu kwa mstari ukutani. Wageni wanauliza vilinunuliwa wapi. Kile chenye petali tano kiwe cha katikati. Na hapo hapo shusheni picha za familia, katikati ya picha iwe kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Kumwangalia babu kwenye dari ni kuumiza shingo.

#29 Mama_Lurambi
Naam, hapo sawa. Vingine mama abaki navyo kwenye viti viwili vyake. Sebule ni yake.

#30 Kijana_Free_Area
Mimi ningeweka vigae kwanza. Sakafu nyekundu ni ya shule ya msingi. Mita ishirini za mraba si nyingi.

#31 Mjengo_Ngata
Unajua kazi ya kuweka vigae juu ya oksaidi iliyopigwa polishi miaka thelathini na kitu? Gundi ya vigae haishiki juu ya nta. Lazima sakafu yote ichongwe kwa patasi hadi iwe na makovu, vumbi jekundu liingie hadi kwenye sukari. Halafu sakafu inapanda, mlango haufungi, unakata mlango. Nusu ya bajeti imekwenda na bado makochi yanazamisha watu.

#32 Mzee_wa_Reli
Nimekulia kwenye nyumba za reli, za Kisumu kwanza kisha Nakuru. Sakafu hiyo mnayoidharau inadumu kuliko sisi. Ikipigwa polishi vizuri na zulia la rangi nyepesi likawekwa katikati, inapendeza. Na Nakuru ni baridi, vigae usiku wa Julai ni kama kukanyaga mtoni. Msiguse.

#33 Kijana_Free_Area
Mzee, nimekubali zulia. Kwa vigae bado tunatofautiana.

#34 FundiRangi_Shabab
Kuhusu dari hakuna aliyesema ifanyiwe nini na ndiyo kubwa. Ipakwe nyeupe. Lakini si kupaka tu: saiprasi ina mafundo, na mafundo yana utomvu. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja, baada ya miezi michache madoa ya manjano yatatoka kwenye kila fundo. Msasa, kisha shelaki, vanishi ya kuziba utomvu, kwenye mafundo, kisha undakoti ya mafuta, kisha nyeupe mikono miwili. Chumba kitainuka kama kimeongezwa futi.

Na onyo kwa wote mtakaopiga msasa: rangi za mafuta za miaka ile nyingi zilikuwa na risasi, ile ya madini. Usipige msasa mkavu. Lowesha ukuta, tumia msasa wa maji, funika pua, watoto na wajawazito wakae kwa jirani hadi upanguse kila kitu.

#35 BintiWaLanet
Baba amesema mbao haziguswi. Amezileta mwenyewe kutoka Elburgon kwa lori la kukodi, na anakumbuka ni ubao gani ulipasuka njiani. Ameniita nje akanionyesha kwa kidole. Upo wa tatu kutoka mlangoni.

#36 Mzee_wa_Reli
Huyo ni rafiki yangu ingawa hatujuani.

#37 JaKisumo
Basi baba ashinde dari, sisi tushinde dirisha. Ukipewa mwanga wa kutosha, dari ya mbao inakuwa uzuri. Shida yake ilikuwa giza tu.

#38 FundiRangi_Shabab
Siafiki. Dari hiyo itameza mabati yako mawili na taa zako tatu. Nimeshapaka za namna hiyo Milimani na London, mitaa ya hapa Nakuru, na mwenye nyumba husema jambo moja kila mara: ningejua ningefanya mapema.

#39 Wafula_Kanduyi
Ningekuwa wewe ningesafisha vanishi tu, niiache mbao uchi na kuipaka mafuta mepesi. Yangu ilirudi rangi ya asali changa.

#40 Seremala_Bondeni
Kazi ya kupiga msasa juu ya kichwa mita ishirini za mraba, @Wafula_Kanduyi? Nani atailipia?

#41 Mwalimu_Njoro
Tujumlishe basi, tuone kama elfu themanini inatosha. Makochi kwa bei ya Mama Lurambi 38. Wol yuniti 12. Shia, mapazia ya mitumba na fimbo, weka 6. Mabati ya mwanga 5. Taa na balbu 5. Lita kumi za rangi nzuri, undakoti na fundi 10. Jumla 76. Zinabaki elfu nne, na hapo ukuta unaobanduka hatujaugusa kwa dawa yoyote. Hatujanunua zulia.

#42 Auma_Migosi
Mitumba ya mapazia, nenda asubuhi na mapema. Sisi huku Kibuye Jumapili, ukichelewa unapata ya vyumba vya wanasesere. Chagua mazito ya rangi ya mchanga au kijani cha majani makavu, uyapime kwa futi kamba kabla ya kulipa. Ukikuta jozi ndefu, kata upande wa chini, usikate upana.

#43 Mjengo_Ngata
Elfu nne inatosha ukuta. Kuhamisha udongo wa maua ni jembe na vijana wawili siku moja. Angalia na gata za paa kama zinamwaga maji hapo chini. Kisha ACHA ukuta ukauke, miezi miwili mitatu, usipake kitu. Hapo ndipo baba anakosea: kila mwaka mnapaka ukuta ambao una kiu ya kukauka.

#44 BintiWaLanet
Miezi mitatu ni baada ya Desemba!

#45 Mjengo_Ngata
Wakwe watakaa upande mwingine.

#46 FundiRangi_Shabab
Kabla hajachimba maua ya mama wa watu, tupime. Chukua karatasi ya plastiki safi, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukuta, ni maji ya ukutani, @Mjengo_Ngata ameshinda. Yakitokea upande wa chumba, ni mvuke wa ndani, baridi ya Nakuru na madirisha yaliyofungwa. Pakiwa pakavu, ni rangi ya mafuta, nimeshinda mimi.

#47 Nyota_ya_Mwariki
Na mimi je?

#48 FundiRangi_Shabab
Wewe uko upande wa Mjengo, mgawane.

#49 BintiWaLanet
Nimerudi, wadau, siku nne baadaye. Asanteni kwa yote.

Wavu na vioo tumeosha, @Auma_Migosi, maji yalikuwa kama ulivyosema. Pelmeti imetoka. Nyuma yake tulikuta kiota kikavu cha ndege na kadi ya Krismasi ya 1994. Mama ameiweka kwenye Biblia yake. Jioni baba alikaa dirishani hadi saa moja bila kuwasha taa na hakusema kitu, na kwa baba huko ni kusifu.

Pamba ya spiriti: safu ya chini kabisa ilikataa, ni rangi ya mafuta. Plastiki: matone upande wa ukuta, lakini chini tu, kama kiganja kimoja kutoka sakafuni. Juu ya hapo ni kukavu, na bado rangi inabanduka.

Halafu leo seremala amekuja, tumetoa wol yuniti watu watano. Ukuta wa nyuma yake ni ule ule wa upande wa barabara, unaendelea. Tumekuta rangi ya kwanza ya nyumba, kijani cha majani ya ndizi machanga, inang'aa kama imepakwa wiki jana. Haijabanduka hata kidogo. Hadi sakafuni.

#50 FundiRangi_Shabab
Nilisema! Mahali ambapo rangi ya maji haikugusa, ukuta ni mzima. Mkosaji ni kupaka maji juu ya mafuta bila msasa.

#51 Mjengo_Ngata
Au mahali ambapo hakuna udongo nje. Dada, nenda nje usimame nyuma ya pale wol yuniti ilipokuwa. Kuna maua au hakuna?

#52 Nyota_ya_Mwariki
Au kabati lilizuia hewa, ukuta haukupata nafasi ya kukauka na kutoa chumvi. Sasa mmelitoa, subirini mwezi mmoja muone.

#53 Mama_Lurambi
Mimi naona hicho kijani. Binti, piga picha tukione. Mbona msipake chumba chote rangi hiyo?

#54 BintiWaLanet
@Mjengo_Ngata nimetoka nje na tochi. Maua yanaishia nusu yake, waridi la mwisho liko katikati kabisa ya mahali kabati lilipokuwa. Kesho asubuhi napima kwa futi kamba na kubandika plastiki mbili, moja kila upande wa waridi.

@Mama_Lurambi, mama amesimama mbele ya huo ukuta tangu saa kumi. Amemwita baba. Wamekubaliana ni baba aliyeichagua rangi hiyo, ila mama anasema yeye ndiye aliyemwambia baba.